Ulezi Bora wa Kilele Cheupe

Nchi yetu haina baridi, lakini ina Wizara ya Baridi. Wizara hiyo ina waziri, makatibu wakuu wawili, na mlinzi wa getini anayevaa glavu za sufu mwaka mzima huku jasho likimchuruzika mpaka viwikoni. Tuliipata mwaka ule Mtukufu Kiongozi aliporudi kutoka ziara ya nchi za mbali na kutueleza redioni mambo aliyoyaona. Huko, alisema, baba na mama hupanda mlima mweupe pamoja na watoto wao, hujifunga mbao miguuni, huteleza mpaka chini, kisha hunywa maziwa ya moto wakicheka.

"Kwa siku tisa nilizokaa kule," alisema, "sikusikia familia hata moja ikilalamikia bei ya unga. Ndipo nikajua tunachokosa. Tunakosa mteremko."

Haukupita mwaka tukawa na miteremko mitatu. Kilichobaki ni kuchagua mmoja uwe Kituo cha Taifa cha Familia, na kwa kazi hiyo ikaundwa kamati. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mwinyikondo, mtu mpole mwenye kitambi, aliyeteuliwa kwa uzoefu, maana aliwahi kuteleza bafuni akavunjika mkono. Wajumbe walikuwa wanne. Siwataji majina kwa sababu hawakuwahi kusema neno jingine zaidi ya "naunga mkono." Mimi nilikuwa katibu. Nina stashahada ya uandishi wa kumbukumbu, na kazi yangu ilikuwa kuandika yote yaliyosemwa kwa Kiswahili kinachosomeka.

Tulipewa fomu yenye hoja kumi. Hoja tisa za mwanzo, zilizohusu mteremko, mbao na maziwa ya moto, zilikuwa na alama moja moja. Hoja ya kumi, ulezi wa watoto, ilikuwa na alama tisini na moja, kwa sababu Mtukufu alikwisha kusema kwamba mzazi hawezi kuteleza kwa raha akiwa na mtoto mgongoni.

*

Kituo cha kwanza kilikuwa ndani ya chumba cha baridi cha kiwanda cha nyama kilichofungwa. Familia ziliteleza juu ya barafu zikikwepa kulabu. Watoto waliwekwa chumba cha jirani, wamevaa makoti ya wachinjaji yanayoburuzika sakafuni.

"Mbona wanatetemeka?" Mwenyekiti aliuliza.

"Furaha hiyo, mzee," mlezi alijibu.

Nikaandika kwamba wanatetemeka kwa furaha. Kituo kikapata alama thelathini.

Kituo cha pili kilikuwa kilima cha povu la sabuni. Mlezi alikuwa askari mstaafu, naye aliwafunga watoto kamba kiunoni, kumi na wanane kwa mstari mmoja. Mmoja akibanwa na haja, wote wanakwenda. Mwenyekiti alipenda sana nidhamu ile, ila fomu ilikuwa na swali: *Je, watoto wanalia?* Na wale walikuwa wanalia, wote kumi na wanane, macho mekundu kwa sabuni. Alama arobaini.

Kisha tukaenda Kilele Cheupe.

Zamani hapo palikuwa na kiwanda cha chokaa. Vumbi lake lilitupwa nyuma ya ukuta kwa miaka thelathini mpaka likawa mlima. Wizara ikalisawazisha upande mmoja, ikaweka ngazi, ikaliita theluji. "Hii ya kwetu haiyeyuki," tuliambiwa, na kweli, jua lilikuwa la utosi na hapakuwa na hata tone la maji. Familia zilishuka juu ya mbao zao na kufika chini nyeupe kuanzia nywele hadi kucha. Zilikohoa kwa muda mrefu. Niliandika kwamba zinakohoa.

Chini kabisa, mahali ambapo mteremko unaishia, palikuwa na Chumba cha Watoto. Kiliwekwa hapo makusudi, ili mzazi awe anamwona mtoto wake tangu kileleni. Kuta zilichorwa twiga waliovaa kofia za sufu. Dirishani alikaa Bwana Fungameza, mzee mwembamba aliyekuwa karani wa posta, na mbele yake daftari kubwa na kipaza sauti.

Alitueleza utaratibu kwa fahari. Mtoto anapokelewa dirishani. Jina lake linaandikwa, na mzazi anapewa kibati chenye namba. Mzazi akirudi anaonyesha kibati, Fungameza anaita jina kwenye kipaza sauti, na mtoto anatoka.

"Na asiyeitwa hasogei," alisema. "Hilo tuliwafundisha asubuhi nzima. Simama, kaa, ngoja jina lako. Hakuna hata mmoja aliyekosea."

"Safi sana," alisema Mwenyekiti. "Leo mna watoto wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Wameingia saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi." Fungameza alifuta daftari kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi. "Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu."

Sisi tulikuwa mwezi wa kumi.

Akafungua mlango. Chumba kilikuwa kitupu. Sakafu ilikuwa ya vigae vipya vinavyong'aa, na hewa yake ilikuwa baridi. Hiyo ndiyo baridi pekee ya kweli niliyoikuta katika kazi ile yote. Tulisimama bila kujua tuangalie wapi. Ndipo tukasikia. Chini ya vigae, mbali kidogo, watoto walikuwa wanajihesabu, kila mmoja akitaja namba yake, moja mpaka kumi na moja, kisha wanaanza upya. Hawakuharakisha. Wa saba, kabla ya kusema saba, alikohoa.

Mwenyekiti alipiga magoti kwa shida akaweka sikio sakafuni. Alikaa hivyo kitambo. Alipoinuka, shavu lake moja lilikuwa jeupe.

"Hawalii," alisema.

Nikaandika kwamba hawalii.

*

Ilipofika saa kumi foleni ilijipanga dirishani, wanawake tisa na wanaume wawili, kila mmoja na kibati mkononi. Hawakusukumana. Walikuwa na sura za watu wanaokwenda kisimani kila siku na kukikuta kikavu.

"Namba saba," alisema mwanamke mmoja aliyejifunga kanga mbili. "Nimemfuata Mwasiti."

"Bado anacheza, mama Mwasiti. Njoo kesho."

"Tangu mwezi wa tatu anacheza tu, Fungameza? Hata chakula hajaomba?"

"Usinipandishie sauti, mama. Mimi niko dirishani tu."

"Ulikuwa dirishani siku ile? Si ulikuwa unachemsha chai?"

Fungameza aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nachemsha chai," alisema. "Nikasikia kama lori linamwaga mchanga. Kurudi, hakuna chumba. Hiki mnachokiona kimejengwa juu yake."

Mambo yalikuwa rahisi hivyo. Mvua ya masika ililowesha chokaa, mlima ukashuka, chumba kikafunikwa, na watoto kumi na mmoja walikuwa wamekaa wanangoja majina yao, kama walivyofundishwa.

"Sasa kwa nini usiwaite?" nilimuuliza.

"Tangu siku ile kuita kunahitaji idhini ya Wizara." Akasogea karibu na nondo za dirisha, sauti ikashuka. "Halafu, dada, nikiwaita wasitoke, nitaandika nini?"

Nilitazama daftari lake.

"Na wakitoka?" aliuliza.

Mama Mwasiti alinifuata mpaka kwenye gari la kamati. Jina lake Zamoyoni. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kalamu badala ya uso.

"Wewe ndiye unayeandika, mwanangu?"

"Ndimi, mama."

"Basi niandikie kwamba mwanangu amekufa."

Nilitaka kusema pole, lakini yeye hakuja kutafuta pole.

"Nimekwenda ofisi ya vizazi na vifo," alisema. "Yule bwana kafungua daftari lake, kaniambia mtoto huyu yuko chini ya ulezi wa Serikali, na aliye chini ya ulezi wa Serikali hafi. Nikarudi nyumbani, nikatandika jamvi, majirani wakaja tukae matanga. Mjumbe wa mtaa akaja na askari wawili wakalikunja jamvi watu wakiwa juu yake. Eti kumlilia mtoto mzima ni uchochezi. Haya, nikasema nitalia peke yangu. Lakini hata hiyo siwezi. Kila nikiinjika sufuria namsikia anakohoa mlangoni. Nje ya mlango, si ndani. Namwambia ingia, haingii. Namwambia basi nenda, mama, nenda kwa Mola wako, haendi. Ana miaka minne, na ni msikivu tangu kuzaliwa. Wamemwambia asiyeitwa hasogei, na yeye hasogei."

"Wewe mwenyewe hujamwita, mama?"

"Mpaka koo limekauka. Sauti ya mama haimo kwenye utaratibu. Anangoja ya daftari." Alikifunga kibati kwenye ncha ya kanga. "Sikuombi umfufue. Aitwe tu, atoke, nimzike hata kwa jina."

Nilimwambia nitaona nitakavyofanya. Hayo ndiyo maneno ambayo ofisi zote za nchi yetu huyasema, na nilishangaa jinsi yalivyonitoka kinywani bila kukwama.

*

Waziri wa Baridi alitupokea ofisini kwake, ambamo viyoyozi vinne vilinguruma pamoja. Yeye alivaa koti la manyoya. Wasaidizi wake walikuwa na midomo ya zambarau na walitabasamu bila kuacha.

"Nasikia Kilele Cheupe mmekipenda," alisema. "Tatizo liko wapi?"

"Mheshimiwa," alisema Mwenyekiti, "kwenye fomu kuna swali. *Je, kituo kimewahi kupoteza mtoto?*"

"Na jibu ni lipi?"

"Ndiyo hapo sasa, Mheshimiwa."

Waziri akanigeukia. "Katibu, wewe ndiye msomi wa lugha. Kitu kilichopotea ni kipi?"

"Ni kile kisichojulikana kilipo, Mheshimiwa."

"Hawa hawajulikani walipo?"

"Wanajulikana."

"Wako wapi?"

"Mita nne chini ya vigae."

"Basi hawajapotea. Andika."

Niliandika. Sitaki msomaji aniruke hapo: kalamu ilikuwa yangu, mkono wangu, na mwandiko ulikuwa mzuri.

Waziri alichangamka. "Tena lile poromoko! Mnajua ni nchi ngapi za bara hili zenye poromoko la theluji? Wenzetu wa kule wanayo kila mwaka, yanatangazwa kwenye taarifa za habari. Sisi tumepata la kwanza hata kabla ya uzinduzi! Watu wanasema hatuna theluji. Kama hatuna, kilichoporomoka ni nini?"

"Naunga mkono," walisema wajumbe wanne.

"Haiwezekani wafukuliwe, Mheshimiwa?" niliuliza.

"Tuharibu mteremko? Na ukimtoa mtoto kabla mzazi hajaja na kibati, huo si ulezi, dada, huo ni uzembe."

"Wazazi wanakuja kila siku na vibati."

"Wanakuja, lakini watoto hawajaitwa."

"Kwa nini hawaitwi?"

"Hawajaidhinishwa."

"Nani anaidhinisha?"

"Mimi," alisema Waziri, "pale nitakapoletewa uthibitisho kwamba wako tayari kutoka."

Kilele Cheupe kikapata alama mia moja. Hakikupoteza mtoto, watoto hawalii, hawagombani, hawachafui nguo, na hawajawahi kumsumbua mzazi akiwa anateleza. Iliamuliwa kwamba siku ya uzinduzi wapokelewe watoto mia mbili kutoka shule za jirani, na kwamba mimi nisome matokeo ya kamati mbele ya umma.

Wiki ile nilisikia hesabu kila mahali. Ilikuwa ndani ya bomba la maji, chini ya mashine ya kuchapia, nyuma ya makabati ya mafaili. Mwenyekiti naye aliisikia, nilijua kwa namna alivyoacha kuweka shavu lake juu ya kitu chochote. Moja, mbili, tatu, bila haraka. Kila ilipofika saba nilisimamisha kalamu. Kikohozi kilikuja. Nikiri kwamba siku moja, mezani kwangu, nilimwambia, "Pole, mama." Hesabu ikasimama kidogo kama mtoto anayesikiliza. Halafu ikaendelea, kwa kuwa mimi sikuwa nimemwita mtu.

*

Siku ya uzinduzi mawingu yalikuwa mazito. Watoto mia mbili walisimama kwenye mistari mbele ya Chumba, wamevaa kofia za sufu zilizowafika machoni. Zulia jekundu lilitoka mlangoni mpaka kwenye jukwaa. Kando, nyuma ya kamba, walisimama wale kumi na mmoja na vibati vyao.

Waziri alihutubia saa nzima. Tone moja la mvua lilipoangukia karatasi yake alinyanyua mikono. "Hata mbingu inataka kuongeza theluji!" alisema, na wasaidizi wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama mlima. Kwa juu rangi yake ilikuwa imeanza kugeuka, kutoka nyeupe kuwa kijivu, kama kitambaa kinachonyonya maji.

Nikaitwa kusoma. Karatasi ya matokeo ilikuwa na kurasa mbili. Nyuma yake nilikuwa nimeambatanisha kanuni za Chumba cha Watoto, kwa sababu nilifundishwa kwamba ripoti isiyo na viambatisho ni barua tu. Nilisoma kanuni ya nne: *Chumba hakitapokea watoto wapya kabla wa awali hawajaitwa na kutoka.*

Nikashuka jukwaani nikaenda dirishani.

"Nipe daftari, Bwana Fungameza."

"Una idhini, dada?"

"Nina stashahada."

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Alinitazama, akalitazama daftari, kisha akalipitisha kati ya nondo kwa mikono yote miwili, na kipaza sauti juu yake. Alikuwa anatetemeka, na safari hii hapakuwa na wa kusema ni furaha.

"Mkasi binti Seif," niliita. "Namba moja. Wamekuja kukuchukua."

Sauti yangu iligonga mlima ikarudi. Kisha uwanja wote ulinyamaza, na katika kimya kile ndipo watu mia kadhaa walipotambua kwamba muda wote huo kulikuwa na watoto wanaojihesabu, kwa sababu hesabu ilikuwa imekatika.

Mlango ukafunguka. Hakutoka mtu. Lakini juu ya zulia jekundu ilitokea alama nyeupe ya mguu, ndogo kama kiganja changu, kisha nyingine mbele yake. Zilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kamba, zikasimama mbele ya mama mmoja. Yule mama alikaa chini palepale.

"Zima hicho!" alisema Waziri. "Katibu! Nani kakuruhusu?"

"Kanuni ya nne, Mheshimiwa. Shomvi wa Kondo. Namba mbili."

Askari wawili walinijia. Walipofika ukingoni mwa zulia walisimama. Kuvuka kungewalazimu kukanyaga zile alama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Nikaendelea. Kwa kila jina mlango ulisukumwa, na njia nyeupe ikakua juu ya zulia. Nilipofika la saba nilisikia kikohozi kabla sijasema, kwenye kipaza sauti, karibu kabisa na mkono wangu, na uwanja wote ulikisikia.

"Mwasiti binti Hamadi. Mama yako huyu hapa."

Alama zilikimbia. Za wengine zilikuwa zinatembea, zake zilikimbia.

Zamoyoni hakukaa chini. Alifungua ncha ya kanga, akamtupia Fungameza kibati, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyemfuata mtoto shuleni, "Nimempokea." Kisha alishusha mkono wake mmoja chini ya kiuno, vidole vimekunjwa kidogo, akaondoka akifupisha hatua.

Nilipomaliza la kumi na moja, watoto wa shule walivua kofia zao za sufu bila kuambiwa na mtu. Waliziweka chini, wakageuka, wakaelekea getini. Walimu walisita, wakamtazama Waziri, wakawatazama watoto, wakawafuata watoto.

Mvua ilishika saa nane. Saa tisa mlima ukashuka. Chumbani hamkuwa na mtu.

*

Wizara ilitangaza jioni ile kwamba nchi imepata poromoko lake la pili, na kwa mara nyingine hakuna mtoto aliyepotea.

Mtaani kwa Zamoyoni yalitandikwa majamvi kumi na moja, nyumba kwa nyumba. Mjumbe alikuja na askari wake wawili. Alisimama akitafuta jamvi la kuanzia, akakosa. Mwishowe alivua viatu, akaomba asogezewe nafasi. Zamoyoni alilia siku tatu mfululizo, kwa sauti, na wanaomjua wanasema hajamsikia tena mtu akikohoa mlangoni pake.

Mimi niliandikiwa mashtaka mawili: kuita watoto bila idhini, na kupunguza idadi ya watoto wa Kituo cha Taifa kutoka kumi na mmoja hadi sifuri katika muda usiozidi dakika ishirini. Bwana Mwinyikondo aliniletea barua ya kuomba radhi ikiwa imekwisha kuchapwa.

"Mistari mitatu tu, dada," alisema. Alikuwa amekonda. "Utaisoma redioni, kazi yako unarudishiwa, tunasahau. Sema ulikosea karatasi."

"Sikukosea karatasi, mzee."

"Basi sema unasikitika."

"Nasikitikia nililoliandika ofisini kwa Waziri. Hilo mbona hamkulichapia barua?"

Alipangusa shavu ambalo halikuwa na kitu.

"Wanataka jibu, mwanangu," alisema. "Niwaambie nini?"

Nilimrudishia karatasi bila sahihi. Niliwaita watoto kumi na mmoja kwa majina yao. Siombi radhi.